Kunyauka Si Kukauka: Hotuba Juu ya Seli Inayoumia na Kurudi

Haya ni maneno niliyoyasema alasiri ya Jumamosi katika ukumbi wa skuli moja hapa Wete, mbele ya wazee, walimu, wahudumu wa afya wa shehia na wanafunzi wa sayansi. Waliokosa kufika waliomba wayapate, nami nimeyaandika kama yalivyosemwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na pale zilipokuwa na la kusema nimelisema kwa maneno.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, masheikh wetu, walimu wenzangu, mama zangu mlioacha kazi zenu za alasiri mkaja, na nyinyi wanafunzi mliokaa mkekani kwa sababu viti havikutosha: ahsanteni sana. Nitaanza na nyinyi wa mkekani. Mmekunja miguu kwa nusu saa sasa. Tukimaliza hapa, mmoja wenu atainuka, atashika ukuta, na atasema, "Mguu umekufa ganzi." Neno hilo sote tumelisema, kwenye maulidi, kwenye khitma, kwenye darsa. Lakini hebu tujiulize: umekufa kweli? Kama umekufa, mbona baada ya dakika mbili tatu unachoma kama umekanyaga siafu, kisha mtu anaukanyagia na kwenda zake? Kilichokufa hakirudi. Mguu haukufa. Mishipa ya fahamu ilibanwa, damu inayoilisha ikapungua, ikashindwa kupeleka habari. Ulipoinuka damu ikarudi, nayo ikarudi kazini.

Habari niliyoileta leo ndiyo hiyo. Baina ya uzima na kifo pana mahali, na seli za miili yetu hupita hapo mara nyingi kuliko tunavyodhani. Wataalamu wa patholojia, yaani elimu ya magonjwa, huita hali hiyo jeraha linalorekebika. Wakulima wetu wanayo maneno mazuri zaidi. Mche wa mkarafuu uliokosa maji, majani yakalala, mkulima husema umenyauka. Akiukuta majani yamekuwa ya kahawia na kijiti kinavunjika kwa kidole, husema umekauka. Mkulima wa Pemba hayachanganyi maneno haya mawili, kwa sababu la kwanza humpeleka kisimani na la pili humpeleka kutafuta mche mwingine. Nataka leo tujifunze kuyatenganisha hivyo hivyo katika seli: ipi imenyauka, ipi imekauka, na nini kinachotokea katikati.

Kwanza tukubaliane kuhusu seli yenyewe. Ni chumba kidogo mno; seli 40 za ini ukizipanga mstari mmoja hufika milimita moja au karibu na hapo. Mwaka 1858, kule Berlin, daktari Rudolf Virchow alitoa mihadhara iliyowafundisha madaktari kwamba ugonjwa wautafute ndani ya seli. Mpaka leo, kipande cha nyama ya mgonjwa kinapoletwa maabara, swali letu ni lile lile: seli zake zimefanya nini?

Jambo la kwanza ninalotaka tulishike ni maji.

Mjomba wangu alikuwa na mashua, na nilipokuwa na miaka kumi au kumi na moja alinichukua mara kadhaa kwenda kuvua. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kukaa karibu na ngama nikiwa na upo mkononi, nikifua maji. Nilimwuliza kwa nini asiipige kalafati mashua yake ikaacha kuvuja. Alinijibu kwamba ameipiga, na kwamba chombo cha mbao hakikosi kuvuja. Kinachokiweka juu ya bahari ni kalafati pamoja na mtu wa kufua maji. Siku moja nilisinzia. Mashua haikuzama. Ilikuwa nzito kwanza, ikakataa kugeuka, upepo ule ule uliokuwa ukiisukuma ukawa hautoshi. Mjomba alijua kabla hajaangalia chini.

Ndugu zangu, kila seli mwilini mwenu ni mashua ile. Nje yake kuna chumvi nyingi ya sodiamu, na sodiamu inataka kuingia ndani wakati wote, na inapoingia huvuta maji nyuma yake. Utando wa seli hauizuii kabisa. Basi nani anafua? Katika utando kuna pampu ndogo za protini, maelfu kwa maelfu, ambazo kila zinapofanya kazi mara moja hutoa chembe tatu za sodiamu nje na kuingiza chembe mbili za potasiamu ndani. Pampu hizo alizigundua Jens Christian Skou huko Aarhus, Denmark, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1957. Mnajua alizipata wapi? Katika mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa! Kaa wa pwani, kama hawa wanaotukimbia kwenye mchanga. Alingoja miaka 40, mpaka 1997, ndipo akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, pamoja na Paul Boyer na John Walker, ambao wao walieleza jinsi mwili unavyotengeneza ATP. Naona kuna uzuri katika kuwaweka pamoja watu hao, kwa kuwa ATP ndiyo nguvu inayoendesha pampu ya Skou. Bila ATP, mwenye upo amelala.

Na ATP nyingi hutoka wapi? Hutoka katika mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli, kwa kutumia oksijeni inayoletwa na damu. Sasa fuateni mnyororo huu polepole. Damu ikikatika, oksijeni hupungua. Oksijeni ikipungua, ATP hupungua. ATP ikipungua, pampu hulegea. Pampu zikilegea, sodiamu huingia na maji huifuata, na seli huvimba. Huo uvimbe ndio alama ya kwanza ya seli iliyoumia. Ukiitazama kwa hadubini unaiona imejaa na kupauka, ndani yake pana vitundu vidogo vya maji, na juu ya utando wake pamechipuka malengelenge madogo. Na kiungo chenyewe, ukikishika mkononi, utakikuta kimeongezeka uzito na kimepoteza rangi yake.

Seli hiyo haikai kimya ikingoja. Ikikosa oksijeni huanza kuchoma akiba yake ya sukari bila oksijeni, njia inayotoa ATP kidogo na kuacha asidi nyuma yake. Asidi inapozidi, shughuli nyingi za ndani hupungua. Vile viwanda vidogo vya protini, ribosomu, huachana na mahali vilipokuwa vimeshika, na uzalishaji hushuka. Seli inajibana matumizi, kama nyumba iliyokosa mshahara.

Haya, niulize swali: damu ikirudi wakati huu, nini hutokea? Mitokondria hutengeneza ATP, pampu huamka, sodiamu hutolewa, maji huifuata, malengelenge hurudi ndani. Baada ya muda, mtu akiitazama seli ile hatajua kama iliwahi kuvimba.

Jambo la pili ni wakati, na hapa naomba wazee wangu mnisikilize kwa makini zaidi.

Seli ya misuli ya moyo ikikatiwa damu huacha kujikaza katika muda wa dakika moja hivi. Imeacha kazi, lakini haijafa. Seli za kwanza huanza kufa baada ya dakika 20 hadi 40, kisha kifo husambaa kwa saa kadhaa katika sehemu ile iliyokosa damu. Ubongo hauna subira hiyo. Seli zake za fahamu huanza kupotea kwa dakika tatu mpaka tano. Misuli ya mguu huvumilia saa nzima, hata mbili na zaidi.

Alikuwepo jirani yetu mmoja, Mungu amrehemu, aliyepatwa na uzito kifuani baada ya sala ya isha, jasho likimtoka ilhali upepo ulikuwa unavuma. Watu wake walimpenda, nami siwalaumu. Walimsugua mafuta, wakampikia tangawizi, wakasema ni gesi, wakakubaliana kungoja alfajiri ili wasisumbue mtu mwenye gari. Muda wa saa nane ulipita hivyo usiku ule. Mara nyingi nimezifikiria saa nane zile. Mwanzoni mwake, nyama ya moyo ilikuwa imenyauka. Kufikia alfajiri ilikuwa imekauka.

Mpaka baina ya hali hizo mbili uko wapi? Hakuna kengele inayolia. Lakini mambo mawili yakitokea, basi seli imevuka. Moja, mitokondria zimeharibika kiasi kwamba hata oksijeni ikirudi haziwezi tena kutengeneza ATP. La pili, utando umepasuka, kalsiamu imemiminika ndani, na vilivyomo ndani vimemwagika nje. Ndipo kiini cha seli hujikunja kikawa kama punje nyeusi, au kikavunjika vipande, au kikafifia mpaka kisionekane. Na vile vilivyomwagika huingia katika damu. Daktari anapomtoa damu mgonjwa wa kifua na kutafuta protini iitwayo troponini, anatafuta mabaki ya mashua: seli za moyo zilizopasuka zimeacha vitu vyao vikielea. Mgonjwa anapofika mapema, kazi ya daktari ni kufungua mshipa ulioziba kabla idadi ya hizo zilizopasuka haijaongezeka.

Jambo la tatu lina furaha ndani yake. Seli iliyoumia hujitetea.

Mwaka 1962 mtafiti wa Italia, Ferruccio Ritossa, alichapisha jambo aliloliona kwa bahati. Alikuwa akichunguza wale inzi wadogo wanaozunguka embe lililooza, na mwenzake maabara alikuwa ameongeza joto la kisanduku walimowekwa. Ritossa alipotazama kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, katika tezi za mate za inzi wale, aliona sehemu fulani zimefura, alama kwamba jeni zake zimeamshwa. Joto lilikuwa limeziamsha. Baadaye ikajulikana kwamba jeni zile hutengeneza protini za kusaidia protini nyingine, na kwamba viumbe karibu wote wanazo, pamoja na sisi.

Zinasaidia nini? Protini ili ifanye kazi lazima ikunjwe kwa umbo lake. Joto, sumu au ukosefu wa oksijeni huikunjua, na protini zilizokunjuka hushikana ovyo kama tambi zilizopikwa zikaachwa. Wanasayansi wanazipa protini wasaidizi jina lenye maana ya mwandani anayemsindikiza kijana. Sisi hapa tunalo neno la karibu zaidi. Zile protini ni makungwi. Kungwi hamfanyii mwari maisha yake; humkalisha, humwelekeza, humkinga na wasiomfaa mpaka asimame mwenyewe. Protini hizi hufanya hivyo hasa: hushika protini iliyokunjuka, huizuia isishikane na nyingine, huipa nafasi ya kujikunja upya, kisha huiachia. Mama zangu, nimeona mnatabasamu. Mlikuwa mkijua sehemu ya baiolojia bila kuambiwa.

Na mwaka 1986 watafiti wa Marekani, Murry, Jennings na Reimer, walifunga mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakaufungua kwa dakika 5, mara nne mfululizo, ndipo wakaufunga kwa dakika 40. Ungetarajia moyo ule uliokwisha kusumbuliwa uharibike zaidi. Sehemu iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa waliofungwa mshipa kwa dakika 40 bila matayarisho. Majeraha madogo yanayorekebika yalikuwa yameufundisha moyo kujitetea. Lakini mshipa ulipofungwa kwa saa 3, faida hiyo haikuonekana tena. Asitoke mtu hapa akisema maumivu ya kifua yanayokuja na kuondoka yanamkomaza. Yanamwita hospitali.

Jambo la nne ni mafuta, nami nitalipitia kwa haraka ingawa linatugusa wengi.

Msimu wa maembe, mkulima mwenye maembe tele asiye na pakacha hata moja hawezi kuyapeleka sokoni, yatarundikana uani. Ini hupokea mafuta na kuyatengeneza, kisha huyafunga ndani ya protini na kuyasafirisha kwa damu. Protini ndiyo pakacha. Mtoto mwenye unyafuzi, aliyelishwa wanga mtupu bila dagaa, bila maharage, ini lake hukosa mapakacha, na mafuta hurundikana ndani ya seli kama matone. Mtu mzima anayekula na kunywa vitamu kupita kiasi hufika mahali pale pale kwa njia nyingine: mapakacha anayo, lakini maembe yamezidi. Pombe nayo hulijaza ini mafuta. Ini hilo huwa kubwa, la manjano, linateleza mkononi. Na linarudi! Mtoto akilishwa vizuri, mtu mzima akipunguza uzito, mlevi akiacha, matone yale huondoka. Lakini mwenyewe hahisi maumivu yoyote wakati linapoumia, na ini likiachwa miaka mingi huweka makovu.

Jambo la tano ndilo linalonikaa moyoni, kwa sababu limetokea kwetu.

Utotoni tulikuwa tukioga mtoni, mto mdogo ulio chini ya mashamba. Wengi wetu tulikuwa tukikojoa mkojo ambao mwisho wake ni mwekundu. Hatukumwambia mtu. Tuliona ni jambo la kawaida, kwa kuwa kila mmoja alikuwa nalo. Tulizoea. Na leo najua kwamba kibofu nacho kilikuwa kikizoea.

Kichocho chetu cha Unguja na Pemba ni cha kibofu. Konokono wa maji baridi ndiye anayemlea mdudu wake, mdudu huingia mwilini kupitia ngozi ya anayeoga au kufua, na minyoo mikubwa hukaa katika mishipa ya damu kando ya kibofu ikitaga mayai. Mayai yenye mwiba hukwama ukutani, mwili hupigana nayo, na seli za ndani ya kibofu huishi katika vita vya kila siku. Zinafanya nini? Zile laini zinazojua kutanuka na kustahimili mkojo hubadilika, mahali pake pakaota seli bapa za tabaka tabaka, mithili ya ngozi ya nje. Bomba la hewa la mvutaji sigara hufanya vivyo hivyo: seli zenye vinyweleo vya kufagia taka huondoka, zikaja seli ngumu zisizofagia.

Je, huku ni kupona? Nawauliza nyinyi wanafunzi. Seli imepata njia ya kuishi katika mazingira mabaya. Haikupona, imezoea. Udhia ukiondolewa mapema, mabadiliko haya yanaweza kurudi nyuma. Watoto waliopewa praziquantel, dawa ya kichocho, vidonda vya vibofu vyao mara nyingi hufifia katika miezi inayofuata. Udhia ukikaa miaka, seli zilizobadilika zinaweza kuendelea mpaka saratani, na ndiyo maana mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka mnyoo huu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Hapa Pemba tunayo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, inayofanya kazi tangu mwaka 2000 na ambayo imeshughulika sana na kichocho na minyoo. Vidonge hugawiwa katika skuli zetu. Mzazi anayemwambia mwanawe akitupe kidonge kile kwa kuwa "kinalevya" ajue anakiacha kibofu kizoee.

Nimebakiwa na moja, nalo ni figo.

Figo mbili hazifiki hata asilimia moja ya uzito wa mtu, ilhali hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Seli za mirija yake zimejaa mitokondria kwa sababu kazi yao ni pampu mchana na usiku. Mtu anayeharisha na kutapika hupungukiwa maji, damu hupungua nguvu, na mwili huipeleka ile iliyobaki kwenye ubongo na moyo. Figo hukosa. Seli za mirija huvimba kama nilivyoeleza, na mkojo hukatika. Maji yakirudi mapema, seli hizo nazo hurudi. Na hata pale baadhi zinapokufa, zilizosalia hugawanyika na kuziba nafasi.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na mwaka mmoja alipoharisha siku mbili. Macho yalizama, ulimi ukakauka. Muuguzi wa kituo cha afya aliuliza swali moja ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: kakojoa lini mara ya mwisho? Dada alihesabu, akanyamaza. Ilikuwa asubuhi, na sasa magharibi. Tulipewa chumvichumvi za kurudisha maji, paketi moja kwa lita moja ya maji safi, tukaambiwa tumpe kijiko kimoja kimoja bila kuchoka, na kwamba akishindwa kunywa au akilegea tumrudishe mara moja atiwe dripu. Sukari na chumvi huingia pamoja kupitia ukuta wa utumbo na maji huzifuata, na mlango huo hubaki wazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu.

Tulipokezana usiku kucha, dada, mimi na bibi yetu. Kijiko, kungoja kidogo, kijiko. Akitapika tunapumzika dakika kumi, tunaanza tena. Nilikuwa kijana wa skuli, sikujua neno lolote kuhusu mirija ya figo. Kabla ya adhana ya alfajiri bibi aliingiza mkono chini ya mtoto, akaitoa kanga, akaisogeza kwenye taa ya chemni. Ilikuwa imelowa doa lisilozidi kiganja. Aliishika kwa mikono miwili, akatuonyesha, akasema, "Alhamdulillahi, kakojoa."